Jeshi la udongo na majina ya wafinyanzi wake

Machi 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima huko Lintong, karibu na mji wa Xi'an nchini China, waliibua vipande vya sanamu za udongo. Wataalamu wa mambo ya kale walipoendelea kufukua, walikuta safu kwa safu za askari wenye kimo cha mtu mzima, farasi na magari ya vita. Askari wanakadiriwa kufikia 8,000, na farasi zaidi ya 600.

Walizikwa kulinda kaburi la Qin Shi Huang. Alirithi ufalme wa Qin mwaka 246 KK akiwa na umri wa miaka 13, akazimeza falme jirani moja baada ya nyingine, na mwaka 221 KK akajitangaza mfalme wa kwanza wa China nzima. Alifariki mwaka 210 KK. Karne moja hivi baadaye, mwanahistoria Sima Qian aliandika kwamba watu 700,000 walitumikishwa kujenga kaburi hilo, na kwamba ndani yake ilitengenezwa mito ya zebaki. Kuhusu askari wa udongo hakuandika neno.

Habari zao zimetunzwa na udongo wenyewe. Miguu haina uwazi ndani, ila kiwiliwili kinao. Vichwa vilitolewa kwenye kalibu, kisha mafundi wakatia nyusi, masharubu na nywele kwa mkono. Ndiyo maana sura zinatofautiana. Sanamu zilipotoka tanurini zilipakwa utomvu wa mti, na juu yake rangi nyekundu, kijani na zambarau. Rangi zilizosalia ardhini kwa miaka zaidi ya 2,000 hubanduka dakika chache tu baada ya kukutana na hewa kavu. Hofu ya uharibifu wa namna hiyo ni sababu mojawapo ya kaburi lenyewe kutofunguliwa mpaka leo.

Zamani mashimo walimozikwa askari hao yaliteketea kwa moto, paa la magogo likaporomoka na karibu kila sanamu ikavunjika. Wakiunganisha vipande, wataalamu wamekuta majina ya mafundi zaidi ya 80, mengine yamechorwa, mengine yamegongwa mhuri. Serikali ya Qin ilimtaka fundi atie jina kwenye kazi yake, ili ikiharibika ajulikane wa kuadhibiwa. Amri iliyowekwa kuwatisha ndiyo iliyowaingiza wafinyanzi hao katika historia, hata pale mwanahistoria alipolisahau jeshi zima.