Wasichana wa Kazi kutoka Iringa

Ni mabinti wa Nyanda za Juu Kusini, hasa Makete, Njombe, Mufindi na Kilolo za mkoa wa zamani wa Iringa, wanaohamia Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani. Mjini huitwa dada, hausigeli au, kwa dharau, beki tatu.

Chimbuko

Enzi za mkoloni, wapishi na madobi wa Dar es Salaam walikuwa wanaume, na mwishoni mwa 1956 waligoma pamoja na wenzao wa hotelini. Nyanda za Juu nazo zilitoa vibarua wa kiume kwa mashamba ya mkonge, wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya vibarua wa mkonge iliyoanzishwa 1944. Baada ya uhuru kazi za ndani zikawaangukia wasichana. Ukimwi ulizidisha wimbi hilo: utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta maambukizi Iringa ni asilimia 15.7, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.7. Yatima wengi walimaliza darasa la saba wasijue nani atawalipia ada ya sekondari, iliyofutwa 2016.

Kazi na madai

Binti hupanda basi Mafinga au Makambako, nauli ikiwa imetumwa na bosi kupitia shangazi au dalali. Huamka wa kwanza, hulala wa mwisho: deki, kufua, kupika, kubembeleza mtoto. Mshahara wake mara nyingine "hutunzwa" na mama mwenye nyumba, na binti huondoka bila hata senti.

Kudai haki ukiwa peke yako ni vigumu kuliko mkiwa wengi: Novemba 1909 washonaji zaidi ya 20,000 wa New York, wengi wao wasichana wahamiaji, waligoma baada ya wito wa Clara Lemlich, mzaliwa wa Ukraine mwenye miaka 23. Waliketi bega kwa bega kwenye cherehani, wakajuana. Dada wa Iringa yuko peke yake nyuma ya geti, na mwenzake wa nyumba ya pili humwona dukani tu. Mgomo wake ni kuomba ruhusa ya Krismasi na kutorudi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, haki ambayo wachache wameiona. CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani, hudai mikataba ya maandishi, dai la haki kabisa.

Mshahara

Kima cha chini kwa anayeishi kwa mwajiri kilikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi mwaka 2013, kikapanda hadi 60,000 Januari 2023.