Mahame na Magofu

Neno "gofu", ambalo humaanisha jengo lililobomoka na pia mtu aliyekonda mno, hutaja tu kile kilichosalia, ilhali "mahame", lililotokana na kitenzi "hama", hutaja mahali ambapo watu waliishi kisha wakaondoka. Tofauti hiyo hudhihirika Ungwana, mji wa kale wa Waswahili karibu na Kipini, katika Kaunti ya Tana River, ambao misikiti na makaburi yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliufukua na kuuchapishia kitabu mwaka 1966. Machu Picchu, mji wa Wainka nchini Peru uliojengwa karne ya 15 na kuhamwa karne iliyofuata, nao ni mahame, ingawa umaarufu wake kwa watalii (ambao Ungwana haujaukaribia) umeufanya usikose watu mchana. Waandishi wanaomwelekeza msafiri atokaye Garsen kwenda Kipini, waliozoea kuandika "magofu" kwa kila ukuta wa kale, wangefanya vyema kulitumia neno "mahame" kwa mji mzima na kuliachia "gofu" jengo mojamoja.