Nani Ana Haki ya Kuwacheka Wafu? Ghostbusters: Afterlife Ikitazamwa kutoka Kalemie

Filamu ya mwendelezo inayotoka miaka thelathini au zaidi baada ya ile ya kwanza huhukumiwa kabla haijatazamwa. Wahakiki wengi husema ni biashara ya kumbukumbu: studio imeishiwa na hadithi, imewaita waigizaji wenye mvi, na mtazamaji analipa ili aonyeshwe ujana wake. Hukumu hiyo ina ukweli, nami sitaikanusha yote. Lakini kwa vichekesho vya mizuka haitoshi. Katika filamu za aina hiyo, kurudi kwa wafu ndiyo hadithi yenyewe, na mwendelezo unapowarudisha waigizaji waliozeeka, na hata mmoja aliyekwisha kufa, suala linatoka sokoni na kuingia katika ukoo.

Hoja ya makala haya ni kwamba mwendelezo wa namna hii husimama au huanguka kwa jambo moja: kama wanaocheka wana uhusiano na mfu anayechekwa. Kipimo hicho nimekitoa katika utani wa msibani, nami nakitumia kwa filamu ya Jason Reitman ya mwaka 2021, Ghostbusters: Afterlife, ambayo sisi tunaopata filamu za Marekani kwa sauti ya Kifaransa tunaijua kama S.O.S. Fantômes : L'Héritage.

Utani hauhitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kiswahili. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, mtani huingia msibani na kufanya ambalo mwingine angelifanya angefukuzwa. Huiga mwendo wa marehemu, husema alikuwa bahili, hudai deni lake mbele ya jeneza, na waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka. Upande wetu wa Kalemie, nchini Kongo, pia koo za Watabwa zina jozi zao za utani, na kilio kisicho na watani huonekana kimepungukiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba ruhusa haitokani na kipaji. Mtu anaweza kuwa mcheshi kuliko wote mtaani na bado asiwe na haki ya kumtania marehemu yule, kwa sababu ukoo wake haumpi. Uhusiano hutangulia, kicheko hufuata. Tena mtani hachezi tu: mara nyingi ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayebeba kazi ambazo wafiwa hawaziwezi siku hiyo. Anacheka kwa sababu amewajibika.

Tuichukue sasa filamu ya kwanza, Ghostbusters ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Ivan Reitman na kuandikwa na Dan Aykroyd na Harold Ramis. Watafiti watatu wanafukuzwa Chuo Kikuu cha Columbia, wanaanzisha kampuni ya kukamata mizuka jijini New York, na ili wapate mtaji mmoja wao, Ray, anaweka rehani nyumba aliyoachiwa na wazazi wake. Tukio hilo hupita kwa haraka, kama mzaha. Kwangu ndilo ufunguo wa filamu nzima: urithi wa wazazi unawekwa rehani ili kugharimia kazi ya kuwafunga wafu. Mizuka inanaswa kwa mtambo, inashushwa chini ya jengo la zamani la zimamoto, inafungiwa humo. Haina majina wala jamaa, na hakuna aliye hai anayewajibika kwayo. Katika maktaba, mtafiti mwingine, Peter Venkman, anamwona mzuka wa mwanamke na kumwuliza ametoka wapi. Swali hilo ndilo la kwanza ambalo mzee yeyote wa Kiluba au Kitabwa angeliuliza, tena angelisubiri jibu. Venkman analiuliza kwa kejeli, na filamu inasonga mbele.

Sisemi filamu ile ni mbaya. Ina ustadi ambao miaka arobaini haijaufuta, hasa jinsi inavyoyachukulia mambo ya kutisha kama kazi ya fundi wa mabomba: mteja anapiga simu, mafundi wanakuja, bili inatolewa. Lakini kicheko chake ni cha watu wasio na undugu na wanachokicheka. Jambo la kushangaza ni kwamba hadithi yenyewe ilizaliwa katika familia iliyokuwa na undugu huo. Babu wa baba yake Aykroyd, Samuel Aykroyd, alikuwa daktari wa meno huko Kingston, Ontario, aliyefanya vikao vya kuzungumza na wafu nyumbani, na baba yake, Peter Aykroyd, aliandika kitabu kuhusu historia ya mizuka kilichotoka mwaka 2009. Mwandishi alitoka katika nyumba iliyokuwa ikiwaita wafu wake kwa majina, akatengeneza filamu ambamo wafu wanazolewa kama taka. Hollywood ya mwaka 1984 iliuza uthubutu wa mjasiriamali. Adui mkubwa kati ya walio hai ni ofisa wa mazingira anayekuja kukagua mitambo. Mababu hawakuwa na nafasi humo.

Mtazamaji wa Kalemie anayo sababu ya kutoicheka kwa wepesi picha ya wafu waliofungiwa ghalani. Kusini mwa mji wetu, kwenye ufuko uleule wa ziwa, ipo Mpala, kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 na Luteni Émile Storms, Mbelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold II. Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia chifu Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Lusinga mwenyewe alikuwa na mikono yenye damu ya biashara ya utumwa, na historia haipaswi kumsafisha. Lakini fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, likapimwa na kuhifadhiwa kama kielelezo, na sanamu ya mababu zake iliyoporwa ikaishia katika makumbusho ya Tervuren. Mwanaanthropolojia Allen F. Roberts, aliyefanya utafiti kwa Watabwa miaka ya 1970, ameisimulia habari hiyo kwa kina katika kitabu A Dance of Assassins cha mwaka 2013. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani moja ya Brussels. Mwaka huohuo, mwezi Juni, jino la Patrice Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake yaliyojulikana, lilikabidhiwa na Ubelgiji kwa familia yake, likazungushwa nchini na kuzikwa Kinshasa.

Waandishi wa Ghostbusters hawakuwa na habari za Mpala, na sitawashtaki kwa yasiyo yao. Ninachodai ni kwamba mzaha wa kumnasa mfu na kumweka kwenye chombo hausikiki namna moja kila mahali. Hapa kwetu mfu wa namna hiyo ana jina na ukoo, na watu wake bado wanaishi kati ya Kalemie na Moba.

Ndiyo maana Afterlife inastahili kusomwa kwa makini. Mwongozaji wake ni mtoto wa mwongozaji wa kwanza, na hadithi yake ni ya wajukuu. Egon Spengler, yule mtafiti wa tatu, aliyeigizwa na Harold Ramis, amekufa peke yake shambani Oklahoma, akidharauliwa na majirani waliomwona mwendawazimu. Binti yake, Callie, anakuja na watoto wawili kurithi shamba lenye madeni. Ana kinyongo: baba alimwacha. Wenzake wa zamani nao wana kinyongo: aliondoka na vifaa vyao bila kueleweka. Kwa hiyo filamu inaanza mahali ambapo kwetu matatizo ya ukoo huanza, kwa mzee aliyezikwa bila kupatanishwa na watu wake. Vitu vinasogea vyenyewe nyumbani, kete za sataranji zinachezwa na mkono usioonekana, taa inamwongoza mjukuu Phoebe hadi kwenye karakana ya babu. Mfumu yeyote, yaani mganga wa kwetu, angelijua la kufanya. Mzee anataka kusikilizwa.

Utatuzi unakuja kwa hatua zilezile. Callie anakuta chini ya nyumba ukuta wa picha zake, ushahidi kwamba baba alimfuatilia maisha yake yote. Wenzake watatu wa kampuni, yaani watafiti wawili na mwajiriwa aliyejiunga nao baadaye, wanarudi wakiwa wazee, na Ray anaomba radhi kwa kutomwamini rafiki yake. Phoebe anapokaribia kuzidiwa na Gozer, adui wa filamu ya kwanza, mkono wa babu unashika silaha pamoja na wake. Kisha yule mzuka anamkumbatia binti yake na kwenda zake. Hanaswi wala hafungiwi. Mtambo uliobuniwa kuwafunga wafu umetumiwa na mfu mwenyewe kuwalinda wazao wake, na mzaha unaoendelea katikati ya hayo yote ni wa watani halali, yaani wajukuu, binti na marafiki wa ujana. Venkman anamtania Egon usoni mbele ya familia yake, na hakuna anayechukizwa, kwa sababu ni yeye anayestahili kufanya hivyo.

Harold Ramis alifariki Februari 2014. Uso wake katika filamu umetengenezwa kwa kompyuta, na hapa wahakiki kadhaa walisema mipaka imevukwa. Swali lao ni la haki na litazidi kuwa zito. Mwaka 2016 filamu Rogue One ilimrudisha Peter Cushing, aliyefariki mwaka 1994, na kumpa maneno ya kusema ambayo hakuyasema akiwa hai. Egon wa Afterlife hasemi hata neno moja. Anatazama, anatabasamu, anaomba msamaha kwa macho. Naona katika ukimya huo adabu ambayo watani wa kwetu wanaielewa: unaweza kumwiga marehemu kwa sauti yako mwenyewe, lakini kumtilia maneno kinywani ni jambo jingine. Filamu inaishia kwa kumtolea Harold heshima kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo watu waliokuwa wakimjua. Ivan Reitman, mtayarishaji wa filamu hiyo ya mwanawe, alifariki Februari 2022, miezi michache tu baada ya kutoka kwake.

Kipimo hikihiki kinaeleza kwa nini jaribio la mwaka 2016 la Paul Feig halikushika mizizi. Wanawake wanne walichukua kazi ya wanaume wanne, na walishambuliwa kwa matusi kabla filamu haijatoka. Leslie Jones, mwigizaji mweusi kati yao, alitukanwa kwa ubaguzi wa aibu kabisa. Matusi hayo hayana utetezi. Lakini kasoro ya filamu yenyewe iko kwingine. Iliamua kwamba Ghostbusters wa kwanza hawakuwahi kuwapo, ikawaleta waigizaji wa zamani katika sehemu nyingine ndogondogo zisizo na uhusiano na walivyokuwa. Mashujaa wake wanne wanachekesha sana, ila wamenyimwa mababu. Wangelikuwa binti na wapwa wa wale wa kwanza, nadhani tungelizungumza mengine leo.

Afterlife nayo ina udhaifu wake. Theluthi yake ya mwisho inarudia kwa uvivu adui na vitisho vya mwaka 1984, na vile vidoli vya peremende vinavyorukaruka dukani vipo kwa ajili ya kuuzwa. Frozen Empire ya mwaka 2024 ilirudi New York na kulemewa na umati wa wahusika. Hata hivyo ina uzi mmoja wa thamani: Phoebe anafanya urafiki na Melody, msichana aliyekufa motoni, na kwa mara ya kwanza katika mfululizo huu mtu aliye hai anamwuliza mzuka habari zake na kusikiliza jibu.

Barani kwetu mwendelezo wa kumbukumbu unaojulikana zaidi ni Living in Bondage: Breaking Free, ulioongozwa na Ramsey Nouah mwaka 2019, miaka 27 baada ya Living in Bondage ya kwanza, kaseti ya Kenneth Nnebue iliyofungua njia ya Nollywood. Nao ni hadithi ya urithi: mtoto wa Andy Okeke, mhusika mkuu wa kaseti ile, anavutwa kwenye agano lilelile la damu lililomwangamiza mke wa baba yake. Lakini haucheki na wafu. Katika filamu hizo, kama katika tamthilia za Kinshasa alizozichunguza mwanaanthropolojia Katrien Pype, anayetoka kwenye giza ni shetani, na jibu lake ni maombi. Mababu wamehukumiwa kwa pamoja. Mwaka 1987 La Vie est belle ya Mweze Ngangura na Benoît Lamy iliweza bado kumcheka mganga kwa upendo. Tangu hapo kicheko hicho kimepungua katika skrini zetu, na ilibidi tusubiri Augure ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotuzwa Cannes mwaka 2023, ili tuone tena uchawi ukitazamwa kwa jicho lisilo la mhubiri.

Kwa hiyo Hollywood, kwa kuzunguka miaka 37, imefika karibu na mahali ambapo watani wetu walikuwa tangu zamani, wakati sisi tunapahama. Wito wangu ni kwa watengenezaji filamu wa Kalemie, Lubumbashi na Bukavu, na kwa idara za vyuo vikuu vyetu zinazofundisha sanaa na mila: nendeni kwenye vilio, ombeni ruhusa ya wafiwa, mrekodi watani wakiwa kazini, majina ya koo zao na mambo wanayoruhusiwa kusema. Waandishi wa filamu wakipata hazina hiyo, vichekesho vya mizimu vitakavyotoka kando ya ziwa hili havitahitaji kuazima mzuka wa mtu yeyote. Na Lusinga arudishwe azikwe, watani wake wakiwapo.