Injini inapomisi wakati wa mvua: Namna ya kutambua chanzo

MASIKA yanapoingia katika mwambao wa Tanga, kati ya Machi na Mei, magari mengi yaliyokuwa yakienda vizuri wakati wa kiangazi huanza kusumbua. Injini huwaka kwa shida alfajiri, hutetemeka gari likiwa limesimama, na hukosa nguvu dereva anapokanyaga mafuta. Jua likishapanda, tatizo hutoweka.

Hali hiyo, ambayo mafundi wa gereji huiita ‘kumisi’, humaanisha kwamba silinda moja au zaidi haichomi mafuta inavyopaswa. Si jambo la kupuuzwa. Gari linalopoteza nguvu ghafla wakati likilipita lori katika barabara ya Tanga hadi Segera, au kwenye kona za mlima kati ya Mombo na Lushoto, huhatarisha maisha ya waliomo na ya watumiaji wengine wa barabara.

Hasara ya mfukoni nayo si ndogo. Wapo wanaobadilisha plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha kompyuta ya injini, lakini mvua inayofuata tatizo hurudi palepale.

Kwa nini mvua?

Umeme wa betri ya gari dogo ni wa volti 12. Koili huukuza hadi kupita volti 10,000, na mara nyingi zaidi ya 20,000, ili cheche iruke kwenye plagi. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia nyepesi kuliko zote ya kufika kwenye chuma cha injini. Waya wa plagi au kofia ya distribyuta ikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, unyevu huugeuza ufa huo kuwa njia ya mkato. Umeme huvuja kabla ya kufika unakotakiwa.

Katika miji ya pwani kama Tanga na Pangani, hewa ya bahari huongeza tatizo. Chembe za chumvi hutua juu ya nyaya na viunganishi, huvuta unyevu, na zikilowa hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua peke yake. Aidha, hula shaba na kuacha ukoga wa kijani.

Hata hivyo, injini nzima haitetemeki kwa sababu tu hewa ina unyevu. Mvua haileti ubovu. Huuanika ubovu uliokuwapo.

Uchunguzi hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kujiuliza tatizo hutokea lini. Likija asubuhi yenye mvua au umande na kuisha injini inapopata joto, mtuhumiwa wa kwanza ni mfumo wa cheche. Likianza muda mfupi baada ya kujaza mafuta na kuendelea hata siku ya jua, yachunguzwe mafuta, kwani huenda yana maji. Likija baada ya kuosha injini, huenda maji yamenasa katika mashimo ya plagi.

Hatua ya pili ni kutazama gizani. Gari liegeshwe nje, kwa kuwa moshi wake ni sumu, boneti ifunguliwe usiku na injini iwashwe. Nyaya, koili na kofia ya distribyuta zinyunyiziwe maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Panapovuja umeme huonekana cheche za buluu, husikika mlio wa kutatarika, na injini huanza kumisi hapo hapo. Nyaya zisiguswe injini ikiwa inaunguruma.

Hatua ya tatu ni kupima. Injini ikiwa imezimwa, kila waya wa plagi upimwe ukinzani wake kwa mita. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, kikomo ni ohmu 25,000 kwa waya mmoja. Unaozidi hapo ubadilishwe. Kofia ya distribyuta ifunguliwe: mistari myeusi ndani yake ni alama ya njia ya umeme unaovuja, na kuifuta kwa kitambaa si tiba ya kudumu.

Magari ya karibuni hayana distribyuta wala nyaya ndefu. Kila plagi ina koili yake. Hapa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari husaidia. Namba P0300 humaanisha silinda kadhaa zinamisi bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne. Koili ya silinda iliyotajwa ihamishiwe silinda nyingine. Hitilafu ikihama nayo, koili hiyo ndiyo mbovu.

Taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo, dereva apunguze mwendo na kutafuta mahali salama pa kusimama. Petroli isiyochomwa huingia katika bomba la moshi na kuunguza kichujio cha moshi, ambacho bei yake ni kubwa kuliko ya waya au koili.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inapomisi, kichunguzwe kichujio cha dizeli, ambacho katika magari mengi kina sehemu ya kutolea maji chini yake, na eya klina, ambayo ikilowa huzuia hewa.

Maji ya kina

Gari likizimika ndani ya maji yaliyofurika, stata isipigwe. Maji yaliyoingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyasukuma, vyuma vya injini hupinda. Gari livutwe, plagi zitolewe na maji yaondolewe kwanza.

Kinga

Kwa dharura, injini ikiwa imezimwa na kupoa, nyaya zikaushwe kwa kitambaa. Kipulizo cha kufukuza unyevu kama WD-40, kilichobuniwa Marekani mwaka 1953, huweza kulifikisha gari gereji, lakini hakizibi ufa. Kwa kuwa hushika moto, kiachwe kikauke kabla ya kuwasha.

Tiba ya kudumu ni kubadilisha kilichopasuka, kusafisha viunganishi vyenye ukoga na kuvipaka grisi inayofaa. Waya wa ethi unaounganisha injini, bodi na betri nao ukazwe na kusafishwa.

Wakati mwafaka wa ukaguzi huo ni Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli.