Msamaha wa Deni na Haki ya Kulipa

Kaab bin Malik alimkuta mdaiwa wake, Ibn Abi Hadrad, ndani ya msikiti wa Madina, akamdai pale pale. Sauti zikapanda hadi Mtume (s.a.w.), aliyekuwa nyumbani kwake, akafunua pazia na kumwashiria Kaab apunguze nusu ya deni. Kaab akaridhia. Hapo Mtume akamwambia yule mwingine ainuke alipe. Wengi huikumbuka hadithi hii kwa nusu iliyosamehewa, lakini iliyobaki nayo ilidaiwa papo hapo.

Mizani hiyo imo katika Sura ya Baqara. Aya ya 280 inamtaka mdai amsubiri aliyebanwa mpaka apate nafuu, na kumsamehe kabisa inakuhesabu kuwa sadaka iliyo bora zaidi. Aya mbili mbele inafuata ile ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo inaagiza deni liandikwe na lishuhudiwe. Katika hotuba ya kuaga ya mwaka 632, Mtume aliifuta riba ya zama za ujahili, akianza na ile ya ami yake Abbas. Rasilimali ilibaki haki ya mwenyewe.

Hata maiti hakuachiwa. Katika miaka ya dhiki Mtume alikataa kumsalia aliyekufa akidaiwa, mpaka Abu Qatada akaubeba mzigo wa marehemu huyo. Mali ilipopatikana, Mtume mwenyewe akaahidi kulipa madeni ya waumini waliofariki. Wadaiwa walioshindwa wamo pia katika makundi manane yanayostahiki zaka.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha sahaba Zubeir bin Awwam, aliyeuawa mwaka 656 baada ya Vita vya Ngamia. Watu walikuwa wakimwekea amana, naye akikataa kuzipokea isipokuwa kama mkopo, ili zikipotea hasara iwe yake. Alipokufa, mwanawe Abdallah alipiga hesabu ya madeni, akakuta milioni 2 na laki 2. Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akidai laki 4, alijitolea kusamehe zote. Mtoto wa marehemu akakataa. Basi niwe wa mwisho kulipwa, akasema Ibn Jaafar. Hilo nalo likakataliwa. Mwishowe alipewa kipande cha shamba la Ghaba, lililonunuliwa kwa 170,000 na sasa likauzwa kwa 1,600,000. Madeni yalipokwisha, warithi walidai mgawo wao, lakini Abdallah bin Zubeir aliwazuia kwa misimu minne ya hija, kila mwaka akitangaza kwamba anayemdai Zubeir ajitokeze.

Je, msamaha unaweza kukataliwa? Mafakihi walilichimba swali hilo kwa karne nyingi. Wamaliki walio wengi walisema hautimii bila mdaiwa kuukubali, kwa kuwa wema wa mtu una masimango ndani yake, na hakuna anayelazimishwa kuyabeba. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu ya Afrika Mashariki, waliona ni mdai kuiangusha haki yake tu, hivyo ridhaa ya mwenzake haihitajiki. Mahanafi walipita katikati: haungoji kukubaliwa, ila ukikataliwa unarudi kwa mwenyewe. Kauli hiyo ikaingia katika Majalla, sheria ya Kiosmani iliyotungwa kati ya 1869 na 1876. Naegemea upande wa Wamaliki, ingawa nimekulia katika madhehebu mengine. Wao walimfikiria anayepokea.

Leo neno la mafakihi la kusamehe deni, ibra, limehamia benki. Nchini Malaysia, Benki Kuu iliagiza taasisi za Kiislamu ziandike kabisa katika mikataba ya mauzo kwamba mteja anayelipa kabla ya wakati atapunguziwa. Mteja analindwa, na hilo ni jema. Ila punguzo ambalo benki haiwezi kulinyima, Kaab bin Malik angelitambua kuwa haki ya mteja, si hisani ya mdai.