Shajara ya Taipu: Meinertzhagen na Kifo cha Koitalel

Tarehe 19 Oktoba 1905, katika vilima vya Nandi, magharibi mwa Kenya ya leo, ofisa wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, aitwaye Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza na reli yao. Kwamba alimuua, hakuna anayebisha. Ubishi uko katika dakika chache zilizotangulia risasi. Meinertzhagen alisema alikwenda kuzungumza amani, akategewa mtego, akajihami. Wanandi wanasimulia kinyume chake: aliyeitwa kwenye amani ni Koitalel, naye alipigwa risasi mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mgeni.

Jeshi lilikaa kumchunguza mara tatu, na mara zote likamsafisha. Hata hivyo, mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Mtu aliyesafishwa mara tatu kisha akahamishwa anastahili kutiliwa shaka, lakini habari ingeishia kwenye mafaili kama yeye mwenyewe asingeirudia. Mwaka 1957, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alichapisha *Kenya Diary 1902–1906*. Tangu hapo kitabu hicho kikawa kisima cha kila anayeandika juu ya ukoloni wa mwanzo wa Kenya.

Kinavutia, hilo lazima tukubali. Mwandishi hafichi ukatili wake, anawakejeli wakubwa zake, anahoji kama ni busara kuwapa Wazungu ardhi ya Waafrika. Msomaji anajiambia: mtu anayejianika hivi hawezi kudanganya. Katika kurasa za mwaka 1904 anatabiri hata kwamba Wakikuyu watakuwa wa kwanza kudai uhuru, na kwamba watawatoa jasho watawala. Utabiri mzuri, ila uliwafikia wasomaji baada ya vita vya Mau Mau kuanza.

Shaka za wataalamu zilianzia mbali na Nandi. Meinertzhagen alikuwa bingwa wa ndege, tena mwenye sifa kubwa. Mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kwamba baadhi ya ngozi za ndege alizozikabidhi kwa makumbusho ziliibwa katika mikusanyo ya watu wengine, zikabandikwa vibandiko vyenye mahali na tarehe za uongo. Mwaka 1995 J. N. Lockman alichambua maandishi yake juu ya T. E. Lawrence, yule Lawrence wa Arabia, akaona yametungwa baada ya matukio. Kisha mwaka 2007 Brian Garfield akaandika kitabu kizima kumvua sifa alizojivika. Shajara zenyewe, zaidi ya majuzuu 70, zimehifadhiwa Oxford. Tatizo ni kwamba zimepigwa taipu kwenye karatasi zinazoweza kuchomolewa na kuchomekwa. Karatasi ya taipu haina mwandiko wa kupimwa, na tarehe iliyo juu ya ukurasa haisemi ukurasa uliandikwa lini.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotofautiana na kile cha Roger Casement, konsuli wa Uingereza aliyefichua maovu ya utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo kwa ripoti ya mwaka 1904, kisha akageuka kuwa mpigania uhuru wa Ireland. Alipohukumiwa kunyongwa kwa uhaini mwaka 1916, maofisa wa serikali ya Uingereza waliwapitishia wakubwa nakala za shajara zake zilizoeleza mahusiano yake ya kingono na wanaume, ili wanaomwombea msamaha wanyamaze. Alinyongwa tarehe 3 Agosti. Mwaka 1936 William Maloney alichapisha kitabu akidai shajara hizo zilighushiwa, na mabishano yakapamba moto. Lakini madaftari yaliandikwa kwa mkono, na yapo. Mwaka 2002 mtaalamu wa maandishi, Audrey Giles, aliyachunguza akasema ni mwandiko wa Casement. Wapo wanaoendelea kumpinga hadi leo, ila wote wana kitu cha kukiweka mezani.

David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, naye ni hivyo hivyo. Julai 1871 alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe, mashariki mwa Kongo, akayaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kienyeji kwa kuwa karatasi zilimwishia. Maandishi yalififia, lakini mwaka 2011 watafiti waliyasoma tena kwa msaada wa kamera maalumu. Walikuta kwamba Livingstone mwenyewe, alipoyanakili baadaye kwenye daftari safi, alikuwa amelainisha mambo. Gazeti chakavu limeweza kumsuta mwandishi wake. Kwa Meinertzhagen, hakuna gazeti la namna hiyo.

Msomaji wa Katesh au Basotu, wilayani Hanang, Tanzania, ana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Wabarbaig wa Hanang, pamoja na Wadatoga wenzao wa Mbulu, ni ndugu wa lugha wa Wanandi; wote ni Waniloti wa Kusini. Tena Hanang inajua karatasi inapolishinda neno la mzee. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yalimeza malisho ya uwanda wa Basotu. Mzee wa Kibarbaig mwenye heshima hujengewa bung'eda, kilima cha udongo juu ya kaburi, na kazi hiyo huchukua miezi, ukoo mzima ukishiriki. Baadhi ya makaburi hayo yalilimwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilipokwenda mahakamani kilishinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwageuzia kibao, sababu mojawapo ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu waliozika baba zao pale walitakiwa kuthibitisha uenyeji!

Sisemi kwamba simulizi ya mdomo haikosei. Nayo hupambwa, nayo huwa na upande. Ila Wanandi wameisimulia habari yao hadharani tangu mwanzo, ambapo wazee wengine wangeweza kuisahihisha. Mwaka 2006 fimbo za utawala za Koitalel, zilizokuwa kwa familia ya Meinertzhagen huko Uingereza, zilirudishwa Kenya. Kuhusu kichwa chake, ambacho Wanandi wanasema kilikatwa na kupelekwa Uingereza, bado wanadai.

Kitabu cha Meinertzhagen kisitupwe. Kisomwe kama utetezi wa mshtakiwa, uliotolewa miaka 52 baada ya kosa. Walimu na waandishi wanaokinukuu kuhusu siku ile ya Oktoba waandike mwaka wa chanzo chao kuwa 1957, si 1905.