Mwalimu wa Kiswahili na Uchapishaji: Kutoka Stensili hadi Wavuti

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, tunapotaja historia ya uchapishaji wa Kiswahili aghalabu twaanzia kwa kampuni kubwa za Nairobi na Dar es Salaam. Hebu tuanzie darasani. Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, lilianza mwaka 1888 katika shule ya misheni ya UMCA huko Kiungani, Unguja. Walioliandikia ni wanafunzi na walimu, na habari zilitumwa pia na wenzao waliokwenda kufundisha bara.

Kwa hivyo, walimu wa Kitale na Bungoma walipoanza kujifunza kuziweka kazi za wanafunzi kwenye wavuti, walikuwa wakiendeleza jambo kongwe. Waliofundisha kabla ya tarakilishi wanaikumbuka stensili: karatasi ya nta, taipureta iliyoondolewa utepe, dawa ya kusahihishia ambayo sharti uingoje ikauke, kisha siklostaili na wino viganjani. Karatasi nayo ilikuwa na kwao. Kiwanda cha Webuye, kwenye barabara itokayo Bungoma kwenda Kitale, kilianza uzalishaji mwaka 1974.

Lakini swali la mhakiki si mashine. Insha huandikiwa nani? Ile ya karatasi ya 102/1 ina msomaji mmoja, naye ana kalamu nyekundu. Mwandishi wake hujifunza kumpendeza huyo: methali tatu, tashbihi mbili, basi. Sasa mchukue mwanafunzi wa Bungoma anayeeleza kumuse, hotuba ya kijadi ya Wabukusu inayotolewa baada ya maziko ya mzee. Akimwandikia mwalimu wa kwao, ataruka mengi kwa kuwa yanajulikana. Akijua kwamba msomaji yuko Tanga au Muscat, itambidi aeleze msemaji ni nani, huruhusiwa na nani kusema, hadhira huketi vipi na ni lipi lisilotamkwa. Hapo amekwisha kueleza fanani, hadhira, miiko na muktadha bila kukariri fasili hata moja! Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyekulia Cherangani, alimsafirisha Kongowea wa Siku Njema (1996) hadi Kitale kumtafuta babake. Wanafunzi wa Kitale wana Kitale yao ya kusimulia.

Ujuzi wenyewe haukuja kwa urahisi. Wizara ya Elimu ilitoa mkakati wake wa teknolojia ya habari na mawasiliano mwaka 2006, lakini intaneti ya nchi bado ilitegemea setilaiti na gharama ilikuwa juu. Aliyetaka kuunda ukurasa kwa mkono alilazimika kuandika alama za HTML moja moja, na alama moja iliyosahaulika iliweza kuvuruga ukurasa mzima. (Mwalimu aliyezoea kusaka koma katika daftari arobaini hakutishika sana.)

Kisha ukaja mwaka 2009. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Mwaka uo huo kiwanda cha Webuye kilifungwa, na Oktoba kampuni ya Yahoo ikaifunga GeoCities, huduma iliyowapa watu ulimwenguni kote nafasi ya kuweka kurasa bila malipo. Kurasa ambazo hazikuwahi kunakiliwa kwingine zilitoweka. Jarida la stensili lililosahauliwa kabatini, hata likiliwa na mchwa pembeni, bado lasomeka.

Ndiyo sababu nasisitiza, mwalimu: kabla hujaweka kazi ya mwanafunzi kwenye wavuti, chapa nakala mbili, moja iende maktaba ya shule, nyingine abaki nayo mwandishi. Pata pia idhini ya mzazi, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu watoto unaoanika majina na picha zao.

Nawe mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu uhifadhi wa fasihi simulizi, usiishie kutaja kanda, maandishi na tarakilishi. Eleza kila njia inapoteza nini. Maandishi huipokonya kumuse sauti na ishara za msemaji. Wavuti yaweza kubeba sauti hiyo na picha yake, ila hudumu mradi kuna anayeitunza.